Mshauri Mwandamizi wa Menejimenti Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Soko la Kazi na Ujuzi Unaothaminiwa

Maswali haya ni yale yanayorudiwa zaidi na wahasibu, maofisa mipango, mameneja wa hoteli na watumishi wanaokaribia kustaafu, wote wakiwa na nia moja ya kuingia au kupanda daraja katika kazi ya ushauri wa menejimenti Unguja na Pemba. Yameanzia kwenye misingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale jibu moja linapolitegemea jingine, namba ya swali imetajwa ili msomaji aende huko.

## Misingi

1. Mshauri mwandamizi wa menejimenti ni nani, na anatofautiana vipi na mshauri wa kawaida?

Ni mtu anayelipwa na taasisi kuchunguza namna inavyoendeshwa, kubainisha kinachoikwamisha na kupendekeza marekebisho, na mara nyingi pia kukaa nayo wakati marekebisho hayo yanapotekelezwa. Nyaraka za zabuni humwita mshauri elekezi. Mitaani na maofisini watu husema konsalta.

Tofauti ya daraja iko kwenye uwajibikaji kuliko kwenye umri. Mshauri anayeanza hukusanya takwimu na kuandaa majedwali. Wa kati huongoza sehemu moja ya kazi. Mwandamizi ndiye anayelibeba jibu zima: anakaa mbele ya Katibu Mkuu au Bodi ya Wakurugenzi, anaulizwa asichokitarajia, na hawezi kumtupia mwingine lawama. Hadidu za rejea nyingi, yaani maelezo ya kazi yanayotolewa na mteja, hutaka uzoefu wa miaka 10 au zaidi kwa kiongozi wa timu, lakini kila mwenye kuajiri anajua kwamba kuna watu wenye miaka 10 ya kazi na wengine wenye mwaka mmoja waliourudia mara 10.

2. Je, Zanzibar kuna kazi ya kutosha, au ni lazima nihamie Dar es Salaam?

Kazi ipo na inaongezeka, ila haijafika pahala pa kumshughulisha kila mshauri mwaka mzima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar yote, na uchumi wa ukubwa huo hauwezi kuwa na mashirika makubwa mengi yanayonunua ushauri kila mwezi. Kampuni kubwa za kimataifa kama Deloitte, PwC, EY na KPMG zimeweka ofisi zao Dar es Salaam, na huvuka bahari zinapopata kazi huku.

Hata hivyo, boti ya haraka baina ya Malindi na Dar es Salaam hutumia takriban saa mbili, na washauri wengi waliobobea wanakaa Unguja huku wakifanya kazi pande zote mbili. Mpangilio huo una faida nyingine: kampuni ya Dar es Salaam inayotaka kazi ya Zanzibar huhitaji mtu anayejua ofisi za huku, na mtu huyo huingia kwenye timu akiwa na thamani ambayo asingekuwa nayo kama angekuwa mmoja kati ya mamia walioko Dar es Salaam.

3. Nimesoma kwamba ajira za washauri wa menejimenti zinakua kwa kasi Marekani. Je, takwimu hizo zinatuhusu?

Zinatuhusu kwa mwelekeo tu. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani inakadiria kwamba ajira za wachambuzi wa menejimenti zitaongezeka kwa asilimia 9 kati ya 2024 na 2034, ongezeko kubwa kuliko wastani wa ajira zote nchini humo. Sababu zake ni taasisi kutaka kupunguza gharama na kuhamia kwenye mifumo ya kidijitali, na sababu hizo zipo hapa pia.

Kinachotofautiana ni mnunuzi. Kule sehemu kubwa ya kazi hutoka kwenye kampuni binafsi. Hapa hutoka serikalini na kwa washirika wa maendeleo. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya soko letu mwaka ujao atafaidika zaidi akisoma hotuba za bajeti zinazosomwa katika Baraza la Wawakilishi kuliko akisoma makadirio ya Marekani.

## Soko la kazi

4. Kazi za ushauri hutoka wapi hasa?

Chanzo cha kwanza ni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar pamoja na taasisi na mashirika yake. Mipango mikakati, miundo ya taasisi, tathmini za mahitaji ya mafunzo, miongozo ya utumishi na upimaji wa utendaji vyote hutangazwa kila mwaka. Dira ya Maendeleo ya Zanzibar 2050, inayolenga kuifikisha nchi kwenye kipato cha kati cha juu, imezilazimu taasisi kuoanisha mipango yao nayo, na kazi hiyo mara nyingi imepewa washauri.

Chanzo cha pili ni miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Mradi wa BIG-Z, wa kukuza uchumi jumuishi Zanzibar, peke yake uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa dola milioni 150. Miradi ya namna hii hulipa vizuri, lakini taratibu zake ni nzito na ushindani wake ni wa kimataifa.

Chanzo cha tatu, ambacho washauri wengi wanakidharau bila ya sababu, ni sekta binafsi ya hapa hapa: hoteli, kampuni za usafirishaji, skuli binafsi, wauzaji wa jumla na biashara za kifamilia zinazokabidhiwa kwa kizazi cha pili. Hawatangazi tenda. Humuuliza mtu wanayemwamini, naye humtaja mtu. Huko hakuna andiko la zabuni la kurasa 60, na mwenye biashara hulipa pale tu anapoona tofauti kwenye daftari lake.

5. Ni sekta zipi zitakazohitaji zaidi washauri waandamizi katika miaka ijayo?

Utalii unaongoza. Wageni walioingia Zanzibar mwaka 2024 walizidi 700,000, na kila hoteli inayofunguliwa Paje, Nungwi au Kiwengwa inahitaji mifumo ya manunuzi, ya rasilimali watu na ya udhibiti wa gharama. Mshauri wa sekta hii anapaswa kujua kalenda yake: msimu wa masika, hasa Aprili na Mei, ndio wakati ambao hoteli nyingi hupunguza shughuli au kufunga, na ndio wakati mameneja wana nafasi ya kusikiliza. Anayepeleka pendekezo Agosti hupewa kahawa na ahadi.

Linalofuata ni mageuzi ya mashirika ya umma. Tangu Ofisi ya Msajili wa Hazina, inayosimamia mashirika hayo, ipate sheria yake mwaka 2021, mashirika yanatakiwa kuonesha tija na gawio, na hayawezi tena kuridhika na kutumia bajeti. Hapo panahitajika watu wanaojua kusoma hesabu zilizokaguliwa na kutafsiri sababu za hasara kwa Bodi isiyo na wahasibu.

Zipo pia bandari, uchumi wa buluu, fedha za Kiislamu na uwekezaji unaopita Mamlaka ya Ukuzaji Vitega Uchumi Zanzibar (ZIPA) chini ya Sheria ya Uwekezaji ya 2023. Katika fedha za Kiislamu washauri waliobobea ni wachache kuliko mahitaji. Mtu mwenye msingi wa uhasibu, akaongeza elimu ya murabaha (uuzaji kwa faida iliyowekwa wazi), ijara (ukodishaji) na sukuk (hati fungani za Kiislamu), atakuwa na washindani wachache.

6. Na Pemba je?

Pemba ina kazi halisi na washauri wachache walio tayari kukaa huko. Eneo huru la kiuchumi la Micheweni, bandari ya Mkoani na mageuzi katika zao la karafuu, ambalo Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) ndilo mnunuzi wake, vyote vinahitaji uchambuzi wa menejimenti na si wa kilimo au wa ujenzi tu.

Kuna mambo mawili ambayo mgeni wa kisiwa hicho hukosea. La kwanza ni kudhani kwamba uamuzi wote uko Unguja. Wizara zina Maofisa Wadhamini, yaani wawakilishi wao wakuu, huko Pemba, na kazi ya ushauri iliyomruka Ofisa Mdhamini huchelewa hata kama ina barua ya Katibu Mkuu. La pili ni kutopangia bajeti. Ripoti nyingi zilizoandikwa kuwa ni za Zanzibar zimetokana na mahojiano ya Mjini Unguja pamoja na siku mbili za Chake Chake. Wadau wa Wete na Micheweni wanalijua hilo, na hulisema wazi kwenye kikao cha wadau cha kuithibitisha ripoti. Anayeonesha kwenye andiko lake siku za kutosha za Pemba, pamoja na nauli na malazi, na akaepuka kuwatafuta wakulima mashambani wakati wa uvunaji wa karafuu, hupata alama ambazo wengine huzipoteza.

7. Je, akili unde (AI) itaichukua kazi hii?

Imeshachukua sehemu yake, hasa ile iliyokuwa ya washauri wanaoanza: kufupisha nyaraka, kuandaa rasimu ya kwanza na kupanga majedwali. McKinsey walianza kutumia mfumo wao wa ndani uitwao Lilli mwaka 2023, na leo hata mshauri binafsi wa mtaa wa Mombasa kwa Mchina, hapa Unguja, anatumia zana kama hizo. Matokeo yake ni kwamba ripoti iliyoandikwa vizuri imeshuka thamani, kwa sababu kila mtu anaweza kuitoa.

Kilichopanda thamani ni yale yasiyoandikika kirahisi: kumfanya mkuu wa ghala aseme ukweli, kujua kwamba mapendekezo matatu kati ya kumi ndiyo taasisi itakayoyaweza, na kuwapatanisha wakurugenzi wawili wasiosalimiana. Sehemu kubwa ya taarifa za taasisi zetu bado iko kwenye majalada ya karatasi na kwenye vichwa vya watu, na huko programu haifiki mpaka mtu aende. Ila tahadhari moja ni ya lazima: nyaraka za siri za mteja haziingizwi kwenye zana za mtandaoni bila ya idhini yake ya maandishi.

## Ujuzi unaothaminiwa

8. Ni ujuzi upi unaothaminiwa kuliko wote?

Kulitambua tatizo halisi, kwa sababu tatizo linaloandikwa kwenye hadidu za rejea mara nyingi ni dalili yake tu.

Chukua hoteli ya pwani ya mashariki yenye vyumba 60. Mwenye hoteli anasema wafanyakazi wanaiba chakula, na anataka mfumo wa kamera. Mshauri anayeanza ataandika mapendekezo juu ya kamera. Mshauri mwandamizi ataomba vitabu vya kupokelea bidhaa vya miezi mitatu, na atakaa stoo asubuhi moja. Ataona kwamba samaki wananunuliwa kwa mnada ufukweni, kwa fungu, na mtunza stoo anaandika «samaki mafungu 4» pamoja na bei, bila ya kilo. Jikoni wanatoa kwa sahani. Baina ya fungu na sahani hakuna kipimo hata kimoja, kwa hiyo hakuna mtu, awe mwizi au mwaminifu, anayeweza kueleza samaki wamekwenda wapi. Mizani na safu moja ya ziada kwenye kitabu vitafanya kazi kuliko kamera, na kama wizi upo kweli, utaonekana ndani ya wiki chache.

Baada ya hilo, unakuja ufahamu wa fedha. Mshauri mwandamizi asiyeweza kufuata mtiririko wa fedha hujikuta akizungumzia utamaduni wa taasisi wakati taasisi inashindwa kulipa mishahara. Si lazima awe mhasibu, lakini ni lazima aweze kuhoji hesabu.

Kisha kuna ustadi wa kuendesha kikao. Katika ofisi zetu pingamizi halisemwi mbele ya mkubwa. Husemwa mlangoni, baada ya dua ya kufungia kikao. Mshauri anayechukua ukimya kuwa ndio makubaliano atashangaa miezi sita baadaye kukuta hakuna kilichotekelezwa. Wenye ujuzi huzungumza na kila mkuu wa idara peke yake kabla ya kikao kikuu, na huingia kikaoni wakiwa wanajua nani atanyamaza na kwa sababu gani.

La mwisho, ambalo waajiri hulipima sana lakini halitajwi kwenye matangazo, ni uwezo wa kuleta kazi. Katika kampuni ya ushauri, anayepandishwa daraja ni yule ambaye wateja humpigia simu yeye mwenyewe.

9. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Hadidu za rejea ndizo zinazoamua, na miradi ya wafadhili kwa kawaida hutaka Kiingereza. Hata hivyo, mahojiano, vikao vya wadau na mafunzo hufanyika kwa Kiswahili, na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa nne au tano husomwa na watu wengi zaidi kuliko ripoti yenyewe. Mshauri anayeweza kuandika lugha zote mbili kwa ufasaha ni adimu kuliko inavyodhaniwa. Wengi huandika Kiingereza kizuri na Kiswahili kilichojaa maneno yasiyoeleweka na masheha wala wajumbe wa Bodi.

10. Ni vyeti vipi vinavyosaidia kweli?

Shahada ya uzamili katika utawala wa biashara, utawala wa umma, uchumi au fani inayokaribiana nazo imekuwa sharti la kawaida kwa kiongozi wa timu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha fani hizi hapa hapa.

Katika vyeti vya kitaaluma, cheti cha uhasibu cha CPA cha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) na cheti cha usimamizi wa miradi cha PMP ndivyo vinavyotambuliwa haraka na wapimaji wa zabuni. Cheti cha CMC, ambacho ndicho cha kimataifa cha washauri wa menejimenti wenyewe, hakifahamiki sana huku, ingawa kina uzito kwa anayetaka kazi nje ya nchi. Kiwango cha ISO 20700 cha mwaka 2017 hakimpi mtu cheti cha ukutani, lakini kimeeleza vizuri namna mkataba wa ushauri unavyopaswa kuanza, kuendeshwa na kufungwa, na inafaa kukisoma.

11. Nimefanya kazi serikalini kwa miaka mingi. Je, huo unahesabika kuwa uzoefu wa ushauri?

Unahesabika kama utauandika kwa namna inayopimika. «Niliwahi kuwa Mkurugenzi wa Mipango na Utafiti» ni cheo tu. «Niliongoza uandaaji wa mpango mkakati wa wizara, nilisimamia timu ya watu wanane, na mfumo wa ripoti za robo mwaka tulioutengeneza bado unatumika» ni uzoefu. Wapimaji wa zabuni hutafuta kazi inayofanana na yao, mwaka wake, mteja wake na nafasi uliyoshika. Zaidi kuhusu masharti ya watumishi walio kazini yako swali la 16.

## Kupata kazi na kulipwa

12. Zabuni ya ushauri hupimwa vipi?

Ununuzi wa umma Zanzibar unaongozwa na Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016 pamoja na mabadiliko yake, na zabuni sasa hupita kwenye mfumo wa mtandao wa e-ProZ. Kampuni kwanza huonesha nia, kisha zilizoorodheshwa huombwa andiko la kiufundi na la kifedha, kila moja peke yake. Andiko la kifedha halifunguliwi mpaka la kiufundi lipate alama za kufaulu.

Njia iliyozoeleka zaidi huchanganya ubora na bei, na uzito wa kila kimoja hutangazwa mapema. Tuseme kampuni ya kwanza imepata alama 88 za kiufundi na bei yake ni shilingi milioni 120, na ya pili imepata 79 kwa bei ya milioni 90. Alama za bei hupatikana kwa kuigawa bei ya chini kabisa kwa bei ya kampuni husika na kuzidisha kwa 100. Kwa hiyo kampuni ya pili inapata 100 na ya kwanza inapata 75. Uzito ukiwa 80 kwa 20, ya kwanza inajumlisha 85.4 na ya pili 83.2, na ya kwanza inashinda ingawa ni ghali kwa milioni 30. Uzito ukiwa 70 kwa 30, ya kwanza inapata 84.1 na ya pili 85.3, na mshindi anabadilika. Anayepanga bei yake bila ya kuisoma sehemu hiyo ya nyaraka anabahatisha.

Katika miradi ya Benki ya Dunia, wataalamu wakuu kwa kawaida hubeba baina ya alama 30 na 60 kati ya 100 za kiufundi. Ndiyo sababu kampuni humtafuta mshauri mwandamizi kwa wasifu wake kabla ya kumtafuta kwa kitu kingine.

13. Kwa nini hatupiti hata hatua ya kuonesha nia?

Sababu tatu hujirudia: wasifu wa jumla uliotumika kwa kila tenda, uzoefu uliotajwa bila ya ushahidi wa mikataba au barua za kukamilisha kazi, na nyaraka za usajili zilizopitwa na muda. Ya tatu ndiyo inayosikitisha, kwani huwatoa watu wenye uwezo kwa leseni iliyoisha wiki mbili nyuma.

14. Nitoze kiasi gani kwa siku?

Hakuna bei moja ya soko, lakini kuna hesabu ambayo kila mshauri anapaswa kuifanya. Mshauri anayejitegemea hauzi siku zote za mwaka: kuna siku za kuandika maandiko yasiyoshinda, za kufuatilia malipo, za kusoma, na Ramadhani, ambapo kasi ya ofisi hupungua. Akiuza siku 120 kwa mwaka amefanya vizuri. Kama anahitaji shilingi milioni 48 kwa mwaka kabla ya gharama na kodi, siku moja ni shilingi 400,000. Aliyegawa kwa siku 240 kwa kuwa ndizo siku za kazi za mwajiriwa atatoza 200,000, na atashangaa kwa nini yuko mbioni mwaka mzima na mfukoni hamna kitu.

Kushusha bei ili kuingia sokoni kuna hatari yake hapa: mji ni mdogo, bei ya kwanza husambaa, na mteja wa pili ataitaka hiyo hiyo.

15. Nisajili nini, na kodi zinakwenda wapi?

Kampuni husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Usajili wa BRELA wa Tanzania Bara haumfanyi mtu kuwa amesajiliwa Zanzibar. Kwa upande wa kodi, jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kuna mamlaka mbili. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano na inasimamiwa na TRA hata huku; VAT ya ndani inakusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 15 dhidi ya 18 ya Bara.

Taasisi inayomlipa mshauri mkaazi hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye ankara ya milioni 20 hukatwa milioni 1. Fedha hiyo haijapotea. Huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, mradi uwe na hati ya kukatwa. Idai hati hiyo siku ya malipo, kwa sababu kuitafuta baada ya mwaka kwa mhasibu aliyehamishwa ni kazi nyingine. Malipo yenyewe yaunganishwe kwenye mkataba na hatua zinazothibitika, kama vile kupokelewa kwa ripoti ya awali, na si na kikao ambacho mteja ndiye anayekiitisha. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na ankara iliyofika wiki ya mwisho ya mwezi huo inaweza kulala hadi bajeti mpya ianze kutoka.

## Hali zisizo za kawaida

16. Mimi ni mtumishi wa umma. Je, naweza kufanya ushauri?

Hutakiwi kufanya kazi ya kulipwa inayogongana na majukumu yako, na unahitaji ruhusa ya mwajiri. Wafadhili wana masharti yao ya ziada. Benki ya Dunia, kwa mfano, imekuwa ikitaka mtumishi awe amestaafu, amejiuzulu au yuko likizo bila ya malipo, na asiajiriwe na taasisi aliyotoka punde. Wahadhiri wa vyuo vikuu mara nyingi hupewa nafasi pana zaidi, lakini nao wanatakiwa kuwa na barua ya chuo.

17. Niliombwa nisaidie kuandika hadidu za rejea. Je, naweza kuiomba kazi hiyo hiyo?

Hapana. Huo ni mgongano wa maslahi, na andiko lako litaondolewa, pengine baada ya gharama zote. Kama unaitaka kazi, kataa kuandika hadidu zake; kama umeshaziandika, waachie wengine.

18. Kampuni tatu zinataka kutumia wasifu wangu kwenye zabuni moja. Nikubali zote?

Soma nyaraka kwanza. Zabuni nyingi humtaka mtaalamu atie saini kwamba atakuwa na kampuni moja tu, na kuonekana katika mbili kunaweza kuzitoa zote. Hata pale inaporuhusiwa, waambie wote watatu kwa maandishi. Pia usiruhusu wasifu wako ushindie kazi ambayo huna nia ya kuifanya. Mteja akikuta mtu mwingine siku ya kuanza, jina litakaloharibika ni lako.

19. Mteja anataka nibadilishe matokeo ya ripoti. Nifanye nini?

Tenganisha mambo mawili. Mteja ana haki ya kurekebisha makosa ya ukweli, kudai lugha ya staha na kuongeza maelezo yake. Hana haki ya kukutaka uandike kwamba shirika lina faida wakati hesabu zinaonesha hasara. Kwa la kwanza, badilisha na ushukuru. Kwa la pili, jaribu njia ya heshima: muombe aandike pingamizi lake, uliweke kama kiambatisho karibu na takwimu zako, na uache msomaji aamue. Mara nyingi mteja hukubali, kwa sababu alichokihofia ni aibu ya namna jambo lilivyosemwa. Akikataa na ahadi ya malipo ikaanza kutajwa, suala hilo limeshavuka mipaka ya ushauri, na wa kulishughulikia ni Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi Zanzibar (ZAECA).

20. Ninastaafu nikiwa na miaka 60. Je, nimechelewa?

Hujachelewa, bora usisubiri barua ya kustaafu ndipo uanze. Mwaka mmoja kabla, kusanya ushahidi wa kazi zako kama ilivyoelezwa katika majibu ya 11 na 13, kwa kuwa ukishatoka ofisini majalada hutayaona tena. Katika mwaka wa kwanza ni bora kuingia kama mtaalamu ndani ya timu ya kampuni iliyosajiliwa kuliko kufungua kampuni yako na kuanza na kodi ya pango la ofisi. Mchukue na kijana mmoja anayejua mifumo ya takwimu, umlipe stahiki yake na umuweke wazi kwenye andiko. Wapimaji wengi hutoa alama kwa kurithisha ujuzi, na wewe utaokoa usiku mwingi wa kupambana na majedwali.

21. Ninaishi nje ya nchi, au ni raia wa kigeni. Je, nina nafasi?

Raia wa kigeni atahitaji kibali cha kazi kutoka Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar pamoja na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, na kodi ya zuio kwa asiye mkaazi ni asilimia 15, tofauti na ile iliyotajwa katika jibu la 15. Wazanzibari wanaoishi Uingereza, Ghuba au Kanada wanatafutwa hasa kwa fani zilizo adimu hapa, kama vile usimamizi wa bandari na fedha za Kiislamu. Kinachowaangusha ni kuendesha kazi kwa simu na barua pepe. Mkurugenzi ambaye hajakuona hatakujibu barua pepe, lakini ukimfuata ofisini asubuhi moja na kusubiri zamu yako, kwa kawaida utatoka na jalada mkononi.